Matairi Sita na Bibi wa Kambini: Safari ya South Dakota kwa Gari-nyumba

Wengi wetu tukisikia habari za Marekani hufikiria maghorofa ya New York, au theluji, au viwanja vikubwa vya ndege. Lakini mtu akitoka Minneapolis katika jimbo la Minnesota, akashika barabara kuu kuelekea magharibi, kwa muda mrefu haoni ghorofa wala umati. Ni mahindi na soya, na mahindi tena, tambarare mpaka macho yanachoka, kama Mbozi au Trans Nzoia, isipokuwa hakuna mtu shambani. Mama yetu, ambaye amelima tangu utoto, aliuliza mara tatu: "Sasa wenye mashamba wako wapi?"

Tulipita njia hiyo mwezi wa Julai mwaka 2023. Tulikuwa watu saba: sisi dada wawili, wote wauguzi, mmoja amekaa Minnesota kwa miaka mingi na mwingine ametoka nyumbani kutembea, shemeji yetu, watoto watatu, na mama yetu mzee. Mama ana presha, kwa hiyo mashine ya kupimia ilisafiri nasi katika mfuko wake wa kitambaa, pamoja na vidonge vyake na kijitabu cha kuandikia namba. Kijitabu hicho kilipata kazi nyingine njiani, kama mtakavyoona.

Kulipia hoteli watu saba kwa siku kumi ni fedha nyingi, hivyo shemeji alikodi gari-nyumba. Kwa wasiopata kuliona, ni kama lori dogo ambalo juu yake pamejengwa nyumba. Kuna jiko la gesi, friji, meza ambayo usiku inageuzwa kitanda, choo na bafu la kusimama. Juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda kikubwa, nacho watoto walikitwaa dakika ya kwanza, ingawa gari likitembea kila mtu hukaa kitini na kufunga mkanda. Chini kuna matangi matatu, moja la maji safi, la pili la maji ya kuoshea vyombo na kuogea, la tatu la choo. Kumwaga hilo la tatu ilikuwa kazi ya shemeji, wala hatukushindana naye.

Nyumba hiyo yote hukalia matairi sita. Mbele ni mawili, nyuma ni manne, mawili mawili kila upande kama Fuso au Coaster zetu. Ni matairi ya kawaida ya magari madogo ya mizigo, si makubwa kama ya lori, na kila moja limetengenezwa kubeba uzito wake na si zaidi. Kinachobeba uzito huo hasa ni upepo uliofungiwa ndani. Mpira na nyuzi za chuma ni mfuko tu wa kuushikilia. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, mara mia kadhaa kwa kilomita moja, na kule kupinda huleta joto. Mkivunja waya kwa kuupindapinda mkononi, guseni pale mahali penyewe mtaona umepata moto. Tairi nalo ni vivyo hivyo. Likizidi joto, mpira huachana na nyuzi, na mwisho wake ni kupasuka.

Aliyetukodisha alituambia kwamba matairi yote yamekaguliwa, na kwamba tukitaka kuongeza upepo tufuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ilikuwa PSI 80. (PSI ndicho kipimo wanachotumia mafundi wetu pia, wanaposema tairi la gari dogo lijazwe 30 au 32.) Siku ya kwanza tukaenda zaidi ya kilomita 380 tukafika Sioux Falls, mji uliopewa jina la maporomoko ya mto Big Sioux. Maji yanaanguka juu ya mawe yenye rangi ya waridi, na watoto walikimbia humo hadi jioni.

Kambi za magari-nyumba zina utaratibu wake. Kila gari lina kiwanja chake, bomba lake, nguzo ya umeme na tundu la majitaka. Majirani husalimiana bila kujuana. Kiwanja cha pili yake walikaa mzee na mkewe, wote wamepita miaka 70. Mzee alikuwa dereva wa malori ya masafa kwa maisha yake yote, sasa amestaafu na mgongo wake haukunjiki. Kwa hiyo ukaguzi wa gari umekuwa wa bibi. Alfajiri, jua halijatoka, tulimwona amepiga magoti juu ya kipande cha zulia karibu na gurudumu lake, ana geji mkononi na daftari kando. Ndani ya gari letu wakati huo huo tulikuwa tunamfunga mama kile kitambaa mkononi. Watoto wakacheka: "Bibi anapimwa presha, na gari la jirani linapimwa presha!"

Bibi yule aliposikia wanachochekea naye alicheka, akaja na geji yake. Akauliza kama ya kwetu yamepimwa. Shemeji akajibu kuwa waliotukodisha wameyapima. Bibi akasema, "Na yale ya ndani?"

Geji yake haikuwa ile fupi ya kawaida. Ilikuwa na shingo ndefu yenye vichwa viwili, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma, ili ifike kwenye tairi la ndani ambalo mkono haufiki. Akaanza. Mbele: 80 na 80. Nyuma kushoto: la nje 78, la ndani 77. Nyuma kulia la nje: 79. Nyuma kulia la ndani: 41.

Alipima tena, akatuonyesha. Ilikuwa 41.

Kwa macho hakuna mtu ambaye angejua. Tairi la ndani likilegea halionekani limelala, kwa maana jirani yake wa nje amelishikilia juu. Gari halipindi, halivuti upande, halilii. Hata wale wanaopiga tairi teke au kugonga kwa nyundo hawapati jibu la kuaminika. Wakati huo yule wa nje ndiye anabeba sehemu kubwa ya mzigo wa wawili, na tulikuwa tumemtembeza hivyo katika joto la Julai, watu saba ndani, kilomita 380.

Shemeji alitaka kuwasha pampu ajaze mara moja. Mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya kwenye kiti chake akinywa kahawa, akanyanyua mkono kumzuia. Tairi la namna hii likiwa limetembea na upepo pungufu kwa sehemu ya tano au zaidi ya kiwango chake, kwa watu wa kazi hiyo huhesabiwa kuwa limetembea bila upepo kabisa. Halijazwi tu na kuendelea. Linashushwa na kutazamwa ndani kwanza. Nyuzi za ubavuni huenda zimekwisha kukatika bila alama yoyote nje, na mtu akilijaza upepo mwingi hufumuka kwa mpasuko mrefu kama zipu, kwa nguvu ya kumvunja mikono au kumwua aliyeinama karibu. Ndiyo maana karakana nzuri hujaza matairi ya namna hiyo ndani ya kizimba cha chuma, fundi amesimama mbali. Sisi wauguzi tumepokea vijana wa karakana walioumizwa na tairi wakati wa kulijaza. Maneno ya mzee hayakuhitaji kurudiwa.

Wenye gari walipopigiwa simu walimtuma fundi. Alifungua, akalipeleka tairi karakana, na akalirudisha limevuliwa ili tulione. Ndani ubavuni palikuwa na mikunjo, na unga mweusi wa mpira uliosagika. Chanzo chake kilikuwa kitu kidogo sana. Ili kurahisisha kujaza yale ya ndani, huungwa mrija mfupi kutoka kwenye valvu hadi nje, nao ule mrija ulikuwa umelegea kwenye maungio ukivujisha polepole. La nje nalo lilishushwa, kwa kuwa lilikuwa limebeba zaidi ya sehemu yake, na yakawekwa mapya yote mawili kwa gharama ya wenye gari.

Fundi alituonyesha jambo jingine. Kila tairi lina mstari wa herufi unaoanza na DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La kwetu liliandikwa 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yake yalikuwa marefu bado kama jipya, lakini lilikuwa na miaka saba. Magari-nyumba hukaa yamesimama miezi mingi kwa mwaka, kwa hiyo matairi yake huzeeka kwa jua na kukaa kabla ya kuisha kwa kutembea. Watengenezaji wengi hushauri kwamba baada ya miaka 5 lishushwe likaguliwe kila mwaka, na lisizidi 10 hata kama linapendeza. Hapo tuliwakumbuka akina mama wenzetu nyumbani tunaonunua matairi ya mitumba, na kuyachagua kwa kutazama meno tu. Tarakimu hizo nne zipo hata kwenye mtumba, na muuzaji hawezi kuzifuta kwa rangi nyeusi ya kung'arishia.

Sasa likabaki swali la kiasi gani cha upepo kiwekwe, na hapa ndipo bibi alipokaa nasi mezani karibu saa nzima.

Alianza na ile namba ya ubavuni. Ile 80, alisema, si agizo. Ni kikomo, yaani inaeleza kwamba tairi hili likijazwa 80 likiwa baridi linaweza kubeba mzigo wake wa juu kabisa, na usipite hapo. Kwa matairi yetu, mzigo huo ulikuwa kilo 1,215 tairi likiwa peke yake kama yale ya mbele, na kilo 1,120 likiwa na mwenzake kama ya nyuma. Upepo uliopangiwa gari lenyewe umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva. Letu lilisema mbele 65, nyuma 80. Kumbe ule ushauri wa kufuata ubavuni ulikuwa umeyafanya ya mbele kuwa magumu kupita kiasi. Tairi gumu mno hukanyaga barabara kwa sehemu ndogo ya katikati. Usukani huwa mwepesi wa kuyumba, breki kwenye mvua huchelewa kushika, na kila shimo hupanda mpaka kwenye vikombe kabatini. Shemeji alikuwa ameshinda siku nzima akipigana na usukani huo, akisingizia upepo wa mashambani.

Lakini karatasi ya mlangoni nayo, bibi akaendelea, iliandikwa gari likitoka kiwandani. Haijui mmepakia nini. Sisi tulikuwa na mchele, unga, sufuria kubwa mbili, jiko la kuchomea nyama, maji ya chupa, viti sita vya kukunja, mablanketi, na tangi la maji safi limejaa lita 150, ambazo ni kilo 150. Hakuna mama anayesafiri na watoto bila vitu. Akatuagiza twende kwenye mzani.

Katika vituo vikubwa vya mafuta vya malori kuna mizani ambayo mtu yeyote hulipia kidogo akapimwa. Una vipande vitatu, hivyo ekseli ya mbele inakanyaga kipande chake na ya nyuma chake, na unapewa karatasi yenye uzito wa kila moja. Tulipimwa watu wote tumo ndani, kama tulivyoagizwa. Mbele kilo 1,860. Nyuma kilo 4,420. Kwa hesabu ya matairi, manne ya nyuma yangeweza: mara nne 1,120 ni 4,480. Lakini ekseli yenyewe ya nyuma, kwa mujibu wa karatasi ya mlangoni, mwisho wake ni kilo 4,354. Tulikuwa tumezidi kwa kilo 66, sawasawa na mtu mzima mmoja.

Na tazameni hili. Upande wa kulia peke yake ulikuwa na kama kilo 2,200. Lile tairi la nje, jirani yake akiwa amelegea, lilikuwa limebeba sehemu kubwa ya hizo, kupita kiwango chake. Mama aliposikia hesabu hiyo ikielezwa kwa Kiswahili, alinyamaza, kisha akasema, "Na watoto walikuwa wanaimba."

Dawa yake ilikuwa rahisi. Tangi la maji safi lilikuwa nyuma ya ekseli, na kitu kilichokaa nyuma ya ekseli huilemea zaidi ya uzito wake chenyewe, kama mtoto anayekaa kwenye ncha ya bembea ya ubao. Tulimwaga maji tukabakiza ya kunawia, kwa sababu kila kambi ina bomba. Viti na lile jiko tukavihamishia mbele. Tukapimwa tena: nyuma kilo 4,230. Tukaweka mbele 65, nyuma 80 kote manne, la ndani na la nje sawasawa, na geji ya shingo ndefu tukainunua palepale.

Kuanzia siku hiyo kijitabu cha mama kilikuwa na safu mbili. Kushoto presha yake, kulia namba sita za matairi. Mtoto mkubwa ndiye alikuwa karani.

Tulikwenda polepole. Tangu mwaka 2015 barabara kuu ya South Dakota inaruhusu maili 80 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 129, lakini hiyo ni ruhusa wala si amri, na gari-nyumba halina haja nayo. Shemeji alishikilia kilomita 100. Huko Mitchell tuliona jumba ambalo kuta zake zimepambwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali, desturi iliyoanza mwaka 1892. Hapo mama alifurahi kuliko mahali pengine popote. Chamberlain barabara inavuka mto Missouri, na juu ya kilima pamesimama sanamu ya chuma ya mwanamke wa wenyeji wa asili, kimo chake kama mita 15, amejifunika mgongoni kwa mfarishi wa nyota za bluu. Iliwekwa mwaka 2016. Anasimama kama mama aliyetoka kuoga alfajiri na kanga yake mabegani, hivyo ndivyo tulivyomwona.

Baada ya hapo mashamba yanakwisha na nchi inakauka. Unafika Badlands. Wenyeji wa kabila la Lakota waliiita nchi mbaya, na jina likabaki. Ni vilima vya udongo vilivyoliwa na mvua, vina mistari ya waridi, kijivu na manjano, hakuna kivuli. Ilikuwa nyuzi 36 za Selsiasi saa nane mchana. Shemeji, ambaye sasa alikuwa amependa geji kupita kiasi, alipima tuliposimama akakuta nyuma 92. Akashtuka, akataka kupunguza.

Tulimkatalia. Bibi alikuwa ameliweka hilo wazi, na kwetu wauguzi lilieleweka mara moja. Mgonjwa akipanda ngazi mbio hupimwi presha yake palepale na kuandikiwa dawa kwa namba hiyo. Unamkalisha kwanza kama dakika tano. Tairi hupimwa likiwa baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi, au halijatembea hata kilomita mbili. Namba zote za karatasi na za ubavuni ni za tairi baridi, na waliozitunga walikwisha kujua kwamba upepo utapanda njiani. Ukipunguza tairi la moto likarudi 80, usiku litakapopoa litakuwa 69 au 70, na kesho unaanza safari na tairi pungufu. Lakini kama moja tu limepanda sana kupita wenzake, hilo lina neno, tafuteni sababu.

Jioni hiyo tulilala Wall, mji mdogo kabisa ukingoni mwa Badlands. Habari zake zitawafaa akina mama. Mwaka 1931 kijana mmoja, Ted Hustead, na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa hapo wakati wa hali ngumu ya uchumi. Wakajipa miaka mitano. Kufikia Julai 1936 duka lilikuwa bado halina wateja. Siku moja ya joto Dorothy alijaribu kulala mchana akashindwa kwa kelele za magari yanayopita barabarani, akawaza kwamba watu wale lazima wana kiu. Akamwambia mumewe waweke vibao njiani: maji ya barafu ya bure. Vibao viliwekwa, na watu walianza kusimama kabla Ted hajarudi dukani. Leo duka limekuwa mtaa mzima, na maji ya barafu bado ni bure. Tulikunywa. Mabango yake huanza kuonekana mamia ya kilomita nyuma, na tukubaliane kwamba yamezidi.

Milima ya Black Hills iko kilomita 90 na kitu mbele. Hapo ndipo penye vichwa vya marais wanne, Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, vilivyochongwa kwenye mwamba wa Mount Rushmore kuanzia 1927 hadi 1941, kila uso mita 18. Watu hupiga picha na kuondoka. Sisi tulimwuliza mlinzi mmoja habari za wenyeji. Milima hiyo iliahidiwa kwa Wasioux kwa mkataba wa mwaka 1868, dhahabu ikapatikana 1874, na 1877 serikali ikaichukua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba walistahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Wamekataa kuzipokea, wanataka milima yao. Mama alisema ardhi ya baba haina bei, akarudi garini kupumzika.

Karibu na hapo kuna mwamba mwingine ambao bado unachongwa, wa shujaa wao Crazy Horse, kazi iliyoanza mwaka 1948. Mchongaji, Korczak Ziolkowski, alifariki 1982, na mkewe Ruth, mama wa watoto kumi, akaiongoza kazi hiyo hadi alipofariki 2014. Alishika ofisi, fedha, mafundi na baruti.

Milimani gari-nyumba lina mipaka yake. Barabara moja ya mandhari nzuri inapita katika tundu la mwamba ambalo upana wake ni chini ya mita mbili na nusu, na gari letu lilikuwa na upana huo bila vioo vyake vya pembeni. Tulikwenda kutazama kwa gari la wapiga kambi wenzetu. Usiku kulikuwa na baridi. Asubuhi ya kwanza ilikuwa nyuzi 8, wakati tulipopima Sioux Falls zilikuwa 20, na karani wetu akasoma nyuma 76 kote manne. Hakuna lililovuja. Upepo hunywea kwa baridi na kutanuka kwa joto. Kwa matairi magumu kama haya, kila nyuzi 6 hivi ni karibu PSI 2. Tukaongeza hadi 80 kwa pampu ndogo ya umeme. Tuliporudi tambarare kwenye joto tukapunguza asubuhi, kabla ya kuwasha gari.

Akina mama watauliza: sisi tusio na gari-nyumba yanatuhusu nini haya? Tuliyazungumza njiani. Desemba ikifika, gari dogo la familia linapakiwa watu, magunia ya mchele, ndoo za mafuta na zawadi za bibi na babu, kisha linapelekwa Moshi, Bukoba au Kisii. Fungueni mlango wa dereva mtazame nguzoni. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kijikaratasi hapo chenye 220 kPa au 2.2, ambayo ni kama PSI 32. Mengine yana safu ya pili kwa ajili ya mzigo mzito, nayo ni ya juu zaidi. Nendeni kituo cha karibu asubuhi, kabla ya safari, msingoje kujaza Chalinze matairi yakiwa ya moto. Pimeni na la akiba. Na kama kwaya au umoja wa akina mama mmekodi Coaster, kiongozi amwulize dereva kwa heshima, kama bibi yule alivyotuuliza: na yale ya ndani?

Tulirejea Minneapolis siku ya kumi. Kabla ya kulikabidhi gari tulipima mara ya mwisho, kwa kuwa kuna familia nyingine ilikuwa inalichukua jioni ile, na watoto wao tuliwaona wamekaa kwenye mabegi wanasubiri. Namba zilikuwa 65, 65, 80, 80, 80 na 79. Tuliziandika kwenye karatasi, pamoja na maelezo ya lile tangi la maji, tukampa mama yao mkononi.